Mtaliana alokataa kupanda ndege, na vipi wewe uandike habari za kweli ukiwa hapa hapa visiwani

Kila baada ya wiki mbili tatu napata meseji ya kijana, mara mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha Zanzibar, mara mtu kamaliza skuli yuko nyumbani tu, na suala ni lile lile: kaka mie nataka kuandika, si riwaya, nataka mambo ya kweli yalotokea lakini yasomeke kama hadithi, naanzia wapi? Na mie kila mara namjibu kwa voisi ya dakika kumi mpaka bando la mtu linakwisha. Basi leo nimekaa niandike mara moja, anaetaka asome, asietaka aendelee na mpira.

Sarufi sitokufundisha, umepita skuli. Nitakupitisha kwenye kazi ya mtu mmoja, Mtaliana, anaitwa Tiziano Terzani, alifariki 2004, kwa sababu katika wote nlowasoma huyu ndie ukifuata nyayo zake unaiona kazi yenyewe inavofanywa. Nlivomjua ni hivi. Nlifanya kazi ya weta Kiwengwa miaka sita, na kama ulishafika Kiwengwa unajua, kule hata muuza madafu anakwambia ciao kwanza alafu ndio salamu aleikum, kwa hio Kitaliana nimekisomea kwenye kubeba sahani. Siku moja mgeni kaondoka kaacha kitabu chumbani, kimeingia maji ya chumvi, kurasa zimevimba kama boflo lilotiwa kwenye chai. Juu kimeandikwa Un indovino mi disse. Indovino ni mtabiri, mpiga ramli. Yaani mpiga ramli mmoja aliniambia. Sasa wewe mtu wa visiwani ukute kitabu cha mzungu kinaanza na mpiga ramli, utakiacha?

Nkakianika juani siku mbili, nkakisoma kwa miezi minne, na kamusi pembeni.

Anzia kwenye kazi ulonayo

Terzani kazaliwa Firenze mwaka 1938, nyumba ya watu wa kawaida, pesa za kubana. Kasoma sheria Pisa, na alipomaliza hakwenda gazetini, kaenda Olivetti, kampuni ya mashine za kupigia chapa, kwa sababu mtu lazima ale. Kampuni ikamtuma huku na huku, 1965 ikampeleka Japani na hapo ndio Asia ilipomuingia kichwani. Akafika na Afrika Kusini kwa kazi hizo hizo, wakati ule wa ubaguzi, akarudi na makala. Hebu litazame hilo. Mtu kaajiriwa na kampuni ya mashine, yuko kwenye safari ya bosi, na pembeni anaandika.

Kwa hio nasaha yangu ya mwanzo ni usiache kazi. Nasema hivi kwa sababu kuna kijana aliacha kazi ya dukani Darajani eti awe mwandishi, akakaa nyumbani miezi mitatu anatazama ukuta, ukuta haukumpa kitu. Ukiwa hamali bandarini Malindi, ukiwa nesi, ukiwa mwalimu wa skuli ya Makunduchi, ukiwa unauza urojo, wewe tayari umo ndani ya mahali ambapo mwandishi wa kuja angehitaji mwezi mzima mpaka watu wamzowee. Unajua nani anadaiwa, nani hasemezani na nani, saa ngapi watu wanachoka na kuanza kusema kweli. Mie nilikaa hotelini miaka sita na sikuandika hata mstari mmoja kuhusu chumba cha kufulia, wanawake kumi na mbili na mashuka ya watu wasiowajua, na mambo waliyokuwa wakiyasoma kwenye yale mashuka, jamani, Mungu anisamehe. Leo nikitaka kuingia pale lazima niombe ruhusa getini.

Na umri usinitajie. Terzani baada ya Olivetti kapata skolashipu ya Marekani, kaenda Columbia kule New York, na unajua alisoma nini? Kichina. Mwishoni mwa miaka ya 60, China yenyewe imejifunga, mgeni haingii kirahisi, na yeye anakesha na herufi za nchi asojua kama itamfungulia mlango. Karudi Italia kafanya kazi gazeti la Il Giorno la Milano, anataka apelekwe Asia, hawakumpeleka, akaondoka akaenda kugonga milango ya magazeti ya nchi nyengine mpaka jarida la Kijerumani la Der Spiegel likamkubali. Mwanzoni mwa miaka ya 70 akahamia Singapore na mkewe Angela Staude na watoto wawili wadogo. Ishapita miaka thelathini ya umri wake hapo. Wewe wa miaka 24 unaeniandikia "kaka nishachelewa" punguza kidogo.

Kichina chako ni kipi

Utasema mie nishajua Kiswahili, lugha ya nini tena. Nenda Makunduchi ukae na wazee wanaosema Kikae usifahamu nusu. Nenda Tumbatu. Nenda Micheweni ukasikilize bibi anaposimulia na asijue kama kuna mtu wa mjini anasikiliza. Mie mtoto wa Kikwajuni, nlikwenda Pemba mara ya kwanza na Kiswahili changu cha mjini nkawa nacheka pale wenzangu wanapocheka, kwa kuiga tu, maana sikudaka neno. Kuna lugha ya mahali na kuna lugha ya kazi, na zote mbili uzitie kwenye daftari kurasa za nyuma: konyo, mpeta, pishi, jamvi, kuchambua. Ukiandika "vijiti vya karafuu" mtu wa Pemba anakiweka chini kitabu chako hapo hapo, kwake vile ni makonyo na vina bei yake na vina kiwanda chake.

Kile Kichina kilimsaidia Terzani kuliko alivotegemea. Aprili 1975, wakomunisti wa Khmer Rouge ndio wameichukua Kambodia, yeye kavuka mpaka kutoka Thailand pale Poipet, wakamkamata, wakamueka ukutani wakidhani Mmarekani. Akatabasamu, akaanza kupiga kelele kwa Kichina kwamba yeye ni Mtaliana, mwandishi. Alikuwepo mtu anaefahamu Kichina. Akaachiwa. Sikwambii ujifunze lugha ili usipigwe risasi, lakini mlango ambao pesa haiufungui na kibali hakiufungui, mara nyingi neno moja la nyumbani kwa mtu linaufungua.

Bakia wenzako wakiondoka

Hii ndio hasa nlokuwa nataka kuiandika, mengine yote ni njia ya kufika hapa.

Mwezi ule ule, 30 Aprili 1975, Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ikaanguka mikononi mwa wakomunisti. Wamarekani washaondoka na helikopta juu ya mapaa, waandishi wengi wa nje nao washapanda. Terzani, ambae serikali ya kule ilikuwa ishamfukuza wiki chache nyuma, alifanya juu chini akarudi ndani siku za mwisho kabisa, na akabaki. Akaviona vifaru vinaingia. Alafu, na hapa ndio kwenye kazi, hakuondoka kesho yake baada ya kupata habari yake. Alikaa miezi mitatu. Akatazama mji unavojifunza kuishi na watawala wapya, na kitabu kikatoka 1976, Giai Phong!, neno la Kivietinamu maana yake ukombozi.

Sasa nikupe langu, dogo, halina vifaru. Msimu mmoja wa karafuu niliomba nafasi nikaandike mchumo. Nkapanda boti Malindi, nkashuka Mkoani, gari mpaka ndani kabisa huko wilaya ya Wete, saa nne asubuhi niko chini ya mikarafuu. Nkapiga picha za vijana juu ya matawi. Nkauliza pishi moja wanalipwa ngapi. Nkauliza mzee mwenye shamba bei ya mwaka huu na ya mwaka jana. Saa tisa nkawahi gari ya mwisho nkarudi Wete mjini, usiku nkaandika, nkaona nimeandika kitu kikubwa sana. Kikatoka. Baada ya wiki nkapigiwa simu na rafiki yangu wa huko huko, hakunitukana, alinambia tu, "Yakhe, ulikuja kutazama jiko ukaondoka kabla chakula hakijaiva."

Sikumfahamu. Msimu uliofuata akanichukua kwa shangazi yake nkakaa siku tisa. Ndio nikaona. Mchana ule nlouandika, wa kupanda mikarafuu, ni nusu ya kazi, na ni nusu isiyokuwa na maneno, maana mtu aliye juu ya tawi jembamba hana hamu ya kuhojiwa. Usiku ndio karafuu zinamwagwa katikati ya nyumba, taa inawashwa, watoto, wanawake, majirani, wachumaji wenyewe, wote wanakaa kuzizunguka na kuchambua, kutoa karafuu kwenye konyo, na vidole vinakuwa vyeusi na chumba kizima kinanukia mpaka macho yanachoma. Na midomo haina kazi. Hapo ndipo mambo yote yanaposemwa. Nani kaanguka mkarafuu mwaka gani. Nani aliposwa kwa sababu ya vidole vyake vyepesi. Zamani babu alikuwa akificha gunia wapi na kwa sababu gani. Kijana alosema na mie mchana "hali nzuri tunamshukuru Mungu" usiku alisema, mbele ya shangazi, kwamba huu ni msimu wake wa mwisho anakwenda Dar, na shangazi akanyamaza, ule mkono ukasimama kuchambua kidogo, alafu ukaendelea. Mwaka wa kwanza, saa ile, mie nlikuwa gesti Wete nimejifunika shuka naandika makala.

Kwa hio nnapokwambia bakia, naelezea kwa vitendo. Usiende na tiketi ya kurudi ya siku hio hio. Ukifika mahali uliza gari ya mwisho inaondoka saa ngapi, alafu iache iondoke. Lala kwa mtu, si gesti, na ukilala kwa mtu usiende mikono mitupu, beba sukari, beba mchele, na asubuhi fagia ua au chota maji, usikae kama afisa. Ukiona wenye kamera wanafunga mabegi, ujue ndio unaanza.

MV Spice Islander ilipozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, inakwenda Pemba, watu walijaa Nungwi na dunia nzima ikatangaza. Baada ya siku chache kamera zikaondoka, na wakati ule kule Pemba ndio kwanza mtu ameanza kuitazama nguo ya mtoto iloko kwenye kamba, aitoe au aiache. Hadithi ile bado haijaandikwa inavotakiwa, kwa maoni yangu. Haiandikwi kwa wiki, na haiandikwi na mtu anaeuliza "ulijisikiaje". Anaetaka kuiandika aanze kwa kwenda kukaa, asitoe daftari mwezi wa mwanzo.

Safiri chini

Turudi kwa mpiga ramli. Mwaka 1976 Terzani yuko Hong Kong, mzee mmoja wa Kichina anamuagulia, anamwambia mwaka 1993 usipande ndege hata mara moja, utakufa. Ikapita miaka kumi na sita, na huo mwaka ulipokaribia akafanya uamuzi ambao mwandishi mwengine angeuonea haya: akakubali. Sio kwa kuwa aliamini moja kwa moja, alisema wazi kwamba yeye hajui, lakini aliona hii ni ruhusa ya kuishi mwaka mzima kwa namna nyengine. Mabosi wake wa Der Spiegel wakamkubalia. Mwaka mzima akasafiri kwa treni, kwa meli, kwa gari, kwa miguu, kutoka Bangkok akavuka Vietnam, China, Mongolia, Siberia mpaka nyumbani Ulaya kwa treni, na kurudi Asia akapanda meli ya mizigo. Na kila alipofika akauliza, hapa nani anatabiri vizuri? Mwezi wa tatu mwaka ule helikopta ya Umoja wa Mataifa iliobeba waandishi ilianguka Kambodia, na ndani alikuwemo mwenzake wa Der Spiegel aloshika nafasi yake. Walinusurika, lakini wewe fikiria mwenyewe usiku huo yeye alilala vipi.

Kabla hujasema haya ni mambo ya wazungu wenye nafasi, kuna Selim bin Abakari, Mswahili, safari yake ya Urusi na Siberia imechapwa kwa Kiswahili mwaka 1901 ndani ya Safari za Wasuaheli, miaka tisini na kitu kabla ya Terzani kupita huko na treni yake. Sie kuandika safari hatukufundishwa na mtu. Tumeacha tu, tumekaa tunapiga picha za machweo.

Hapa kwetu kusafiri chini ni rahisi. Ndege Unguja na Pemba ni nusu saa, unaona mawingu. Boti unaona watu. Tena usikae ndani kwenye kiyoyozi na televisheni, kaa nje nyuma, pale kwenye mizigo na kuku na magodoro na mama anaetapika kwenye mfuko huku anaendelea kukusimulia harusi ya mwanawe. Gari ya shamba panda ile inayosimama kila mti. Mie makala yangu moja nzima imetoka kwenye gari ya Nungwi ilopata pancha Mahonda, dakika arubaini, watu kumi na tisa, ndoo ya samaki inaharibika na mwenye ndoo anaanza kugawa. Nilokuwa nakwenda kumhoji Nungwi hata simkumbuki.

Na kuhusu waganga, kwa sababu najua ushaanza kufikiria, "niandike waganga wa Pemba". Haya, andika, lakini mtazame Terzani alivofanya. Alikaa, alilipa kama wateja wengine, akasikiliza mpaka mwisho, akaandika chumba kilivokuwa, wateja walokuwa kwenye foleni na shida zao, mtabiri alichokosea kabisa na alichopatia bila kujua kapatiaje. Hakumcheka mtu na hakumpigia mtu debe. Kwetu watu wana njia mbili tu, ama mganga ni tapeli ama mganga ni kiboko, na zote mbili ni uvivu. Muandike yule mama kwenye benchi la nje, kaja kutoka Tanga na kuku mkononi, anasubiri. Huyo ndie habari.

Daftari, simu, sheha

Terzani aliandika shajara miaka na miaka, na zilichapwa kitabu 2014, miaka kumi baada ya kufa. Daftari lako liwe dogo la kuingia mfukoni, na uandike kwa penseli, sio peni, ukipigwa na maji ya chumvi kwenye boti wino unakimbia wote na penseli inabaki, hili nimelijua kwa machungu. Kila ukurasa tarehe na mahali. Bei za vitu andika, kwa sababu baada ya miaka mitano bei ya mkate inasema zaidi kuliko hotuba. Andika maneno ya mtu kama alivoyasema, na kosa lake na kiapo chake, usimsafishe Kiswahili. Na usiku ule ule kabla hujalala kaa uandike tena kwa kirefu, kesho ushasahau sauti.

Kurikodi na simu ni sawa lakini omba, useme wazi narikodi na nitaifanyia nini. Alafu hamisha usiku huo huo, tuma kwenye imeili yako, weka kwenye fleshi, popote. Mie nlikuwa na saa nne za mzee mmoja fundi wa majahazi, sauti tupu, anataja mbao moja moja, na simu ikanitoka mfukoni nikishuka kwenye ngalawa. Kurudi kwa mzee nkamkuta mgonjwa, ananitazama tu anatabasamu. Siwezi kuliandika hili zaidi.

Ukienda kijiji usichokijua fika kwanza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa hapo, mueleze wewe nani na unataka nini. Usipofika kwake, jioni utaitwa, na kufika kwa kuitwa ni kitu chengine kabisa. Kama ni utafiti rasmi uliza mapema habari za kibali. Wanawake usipige picha bila ya idhini, na idhini ya mume si idhini yake. Na kama unahitaji karatasi za zamani, Nyaraka pale Kilimani zipo, watu wanadhani ni za maprofesa tu. Kuna mambo mle yanaomba mtu. Bandari za Benadir, pwani ya Somalia, Mogadishu na Barawa zimo humo, Wataliana walizinunua kutoka kwa sultani wa Zanzibar mwaka 1905, na mpaka leo ukitafuta mjini utapata nyumba ambazo bibi yao asili yao ni Barawa. Hio hadithi inatakiwa iandikwe na mmoja wetu, anajua Kiswahili na akikaza kidogo anajua na Kitaliana, na Kiwengwa ni saa moja tu kutoka mjini.

Sasa jambo la majina. Wenzetu bara wakibadilisha jina la mtu wamemaliza. Hapa haitoshi. Ukiandika "Bwana K, muuza kahawa mbele ya msikiti, ana mguu mmoja mfupi", Unguja nzima washamjua kabla hujamaliza sentensi. Kisiwa ni kidogo, barza zinaongea. Kama siri ya mtu inaweza kumvunjia nyumba, badilisha kazi yake, badilisha mtaa, na useme kwenye makala kwamba umebadilisha. Kama ukibadilisha hadithi inakufa, basi iache ife. Na kilichosemwa barzani ni cha barzani mpaka ukipate kwa mtu alokiona kwa macho yake. Terzani alikaa Beijing tokea 1980, watoto akawatia skuli za Kichina, akazunguka na baiskeli na treni, akaandika alichokiona na sio alichoambiwa aandike, 1984 wakamkamata wakamfukuza nchi. Aliweza kusimama kwa sababu alichoandika alikuwa kakiona. Ukiandika ulichosikia, siku ya kuulizwa utamtaja nani?

Kugombana pia kuna namna yake. Mwaka 2001, baada ya yale ya Septemba Marekani, mwandishi mwenzake wa Firenze, Oriana Fallaci, aliandika kwenye Corriere della Sera makala kali sana dhidi ya Waislamu. Terzani akamjibu kwenye gazeti hilo hilo mwezi wa kumi, kichwa chake kuhusu sultani na Mtakatifu Francis, yaani kile kisa cha 1219 kule Misri, vita vya msalaba, Francis akavuka mstari akaenda kuonana na Sultani al-Kamil wakazungumza. Lakini hakuishia kwenye kujibu. Alifunga begi, na umri wake ule wa miaka sitini na zaidi, akaenda Peshawar, akaenda Quetta, akaenda Kabul, akakaa na watu, barua zake zikawa kitabu 2002. Ukikasirishwa na kitu mtandaoni, nauli ya kwenda hapo palipotajwa ni kiasi gani?

Pesa, kwa ufupi

Usitegemee. Jarida ndilo lililomlisha Terzani na watoto wake, vitabu aliviandika kwa kilichobaki, na In Asia ya 1998 ni makala zake za miaka mingi zimekusanywa. Kwa hio weka kila unachoandika, hata kifupi. Kabla hujatuma popote patana bei kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha, mie kuna waliochapa kazi yangu ya miezi mitano wakanambia malipo ni jina langu kuonekana. Jina langu liko kwenye kitambulisho naliona kila siku.

Kujiandika wewe mwenyewe weka mwisho. Terzani aliandika nchi za watu miaka thelathini, ndipo 1997 alipoambiwa ana saratani akaufanya mwili wake kuwa nchi ya kutembelea, kaanzia spitali za New York akaishia kwenye kibanda milima ya Himalaya, akaandika Un altro giro di giostra, kikatoka 2004 na mwezi wa saba mwaka huo akafariki kijijini Orsigna. Vijana wengi wanaoniletea kazi wanaanza na "mimi nilizaliwa". Subiri kidogo.

Ukimaliza, msomee mwenyewe. Sio umtumie, umsomee, kwa sauti, ukiwa umekaa kwake. Mie ile ya karafuu, ya siku tisa, nilirudi nayo Pemba nkamsomea shangazi wa rafiki yangu, kakaa kitako mkekani anakatakata mboga, hanitazami. Nlipofika kwenye kijana kusema anakwenda Dar na yeye mkono wake kusimama, akanambia hapo pafute. Nkamuuliza si kweli shangazi? Akasema kweli, lakini huyo mtoto hajui kama niliona uchungu, na mie sitaki ajulie kwenye gazeti. Nkapafuta, na leo baada ya miaka nimepaandika kwa sababu yeye mwenyewe kanambia sasa hakuna neno, kijana kesharudi, ana shamba lake. Alafu akaniuliza mbona mvua hukuiandika. Mvua gani? Usiku wa kumi, mie nshaondoka, ilinyesha ghafla alfajiri na karafuu ziko nje kwenye majamvi, kijiji kizima kimetoka mbio na nguo za kulalia kuokoa karafuu za kila mtu, hata za wasiosemezana.

Basi nshamwambia mwaka huu nakuja kabla msimu haujaanza, na nimemuomba aniwekee jamvi langu.